Jinsi ya kuchagua au kutengeneza kasha la kusafirishia darubini

SEPTEMBA 1, 2016, karibu na saa sita mchana, Mwezi ulipita mbele ya Jua na kuacha pete nyembamba ya mwanga katika anga ya Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya. Wanafunzi, watalii na wakazi wa mikoa ya jirani walikusanyika kushuhudia kupatwa kwa Jua kipete, ambapo hatua ya pete ilidumu kwa takriban dakika tatu.

Aliyetoka Dar es Salaam au Iringa kwa barabara kwenda kushuhudia tukio hilo kwa kawaida alipita Igawa, penye Mto Mbarali, mpakani mwa Mbeya na Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Ni safari ya mamia ya kilomita yenye matuta ya barabarani, baridi ya Makambako na kisha joto na vumbi la bonde la Usangu.

Kwa mtu, safari hiyo ni ya kuchosha tu. Kwa darubini iliyofungwa ovyo, inaweza kuwa ya mwisho. Chombo kinachotumika kuona anga kwa usahihi hutegemea lenzi na vioo vilivyowekwa mahali pake kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele, na ni vipimo hivyo ambavyo mtikisiko wa gari huviharibu.

Hata hivyo, lipo jambo zito zaidi ya hasara ya fedha. Darubini inayotumika kutazama Jua huwa na chujio maalumu mbele ya bomba lake, na chujio hilo likitoboka au kukwaruzwa njiani, atakayeumia ni mtoto atakayeweka jicho lake hapo kwanza. Hivyo basi, kasha la darubini halilindi chombo peke yake, bali pia macho ya watazamaji.

Kinachoharibu darubini safarini

Wengi hudhani kuwa hatari kubwa ni kuanguka. Kuanguka hutokea mara chache; mtikisiko hutokea safari nzima. Gari linapotetemeka kwa saa kumi, skrubu hulegea, vioo husogea, na kitu chochote kilichoachwa huru ndani ya kasha hugeuka nyundo.

Adui wa pili ni vumbi. Punje za mchanga zinazoingia kwenye lenzi hazina madhara makubwa zikiachwa zilipo, lakini mtu anapozifuta kwa kitambaa huikwaruza lenzi kwa mikono yake mwenyewe. Kasha zuri hupunguza haja ya kufuta.

Adui wa tatu ni unyevu. Kuvu huota juu ya kioo kilichofungiwa kikiwa na majimaji, na ikikaa muda mrefu huacha alama zisizotoka. Adui wa nne ni joto la gari lililoegeshwa juani, ambalo hulegeza gundi, hukausha mafuta ya sehemu zinazozunguka na kupinda plastiki.

Vipimo huja kwanza

Kabla ya kununua au kuagiza kasha, mwenye darubini anashauriwa kuvua kila kinachovuliwa: lenzi ndogo za jichoni, darubini ndogo ya kulengea, miguu mitatu na mawe ya kusawazisha uzito. Bomba hupimwa urefu wake, kisha upana wake mahali palipo panene zaidi.

Kwa kila upande huongezwa sentimita tano za sponji. Kwa mfano, bomba lenye urefu wa sentimita 75 na upana wa sentimita 12 litahitaji nafasi ya ndani ya sentimita 85 kwa 22, na kina cha sentimita 22. Ikiongezwa sehemu ya vifaa vidogo yenye upana wa sentimita 15 pamoja na ubao wa kuitenga, upana wote wa ndani utafika sentimita 38.

Mawe ya kusawazisha uzito hayapaswi kamwe kusafiri pamoja na bomba. Jiwe la kilo mbili au tatu likichomoka mahali pake hupasua kila kilicho jirani nalo. Yafungwe katika mfuko mwingine, pamoja na miguu ya darubini.

Makasha ya dukani

Makasha ya kununua yako ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni mikoba ya kitambaa kigumu yenye sponji ndani. Ni myepesi na humfaa anayebeba darubini ndogo begani au kwenye kiti cha gari lake mwenyewe, lakini haizuii mzigo wa gunia la viazi utakaowekwa juu yake katika buti la basi.

Aina ya pili ni makasha magumu ya plastiki yenye mpira wa kuziba kwenye mfuniko. Haya huzuia maji na vumbi vizuri, ila bei yake inaweza kukaribia bei ya darubini ndogo. Anayeyanunua kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini ahakikishe yana tundu la kupumulia.

Sababu yake ni tofauti ya kanieneo ya hewa. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,700, ambapo kanieneo ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Kasha lisilopumua likifungwa Mbeya na kushushwa Dar es Salaam, hewa ya nje hugandamiza mfuniko hata ukagoma kufunguka.

Tranka na sanduku la mbao

Asiyeweza kumudu bei hizo hana sababu ya kukata tamaa. Tranka la bati, lile linalobebwa na wanafunzi wa shule za bweni, ni mwanzo mzuri. Mafundi bati hulitengeneza kwa vipimo vya mteja, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, na tayari lina pete za kufuli.

Tranka lina kasoro mbili. Bati hupitisha joto haraka, na kingo zake zinaweza kukata sponji na vidole. Kasoro ya kwanza hupunguzwa kwa kupaka rangi nyeupe nje na kuliweka kivulini. Ya pili kwa kumwagiza fundi akunje kingo zote kwa ndani na kuzigonga zilale.

Sanduku la plaiwudi hupita tranka kwa ugumu na kwa kuzuia joto. Mbao hazina uhaba katika ukanda huu, kwa kuwa Mafinga na eneo la Sao Hill wilayani Mufindi ni kitovu cha misitu ya kupandwa nchini. Plaiwudi ya milimita 9 hutosha kwa darubini nyingi za shule.

Kwa vipimo vilivyotajwa hapo juu, sanduku zima litatumia chini ya nusu ya karatasi moja ya plaiwudi ya futi nane kwa nne, na likikamilika litakuwa na uzito wa kilo saba hivi bila darubini. Fundi seremala aelezwe kuwa maungio yawekwe gundi na skrubu pia, kwa sababu misumari mitupu huchomoka kwa mtikisiko.

Bawaba ziwe tatu, na makomeo mawili badala ya moja la katikati, ili mfuniko usipinde. Mishikio iwekwe pande zote mbili za mwisho, kwa maana sanduku linalobebwa na watu wawili huanguka mara chache kuliko linaloburutwa na mmoja. Chini viwekwe vipande vya mpira ili sanduku lisikae juu ya maji.

Sponji ipi?

Sponji laini ya godoro ndiyo inayopatikana kwa urahisi, lakini ikitumiwa peke yake hudanganya. Hubonyea hadi mwisho chini ya bomba zito, na mshtuko hufika kwenye chombo kana kwamba hapakuwa na kitu. Inafaa kwa mfuniko na kwa vifaa vyepesi.

Chini na pembeni iwekwe sponji ngumu, kama ile inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni na friji. Kipimo chake ni rahisi: bomba likilazwa juu yake, sponji ibonyee kidogo tu, na mkono ukiongeza nguvu isifike kwenye ubao. Yale maboksi meupe yanayomeguka punjepunje yaepukwe, kwani punje hizo hunata kwenye lenzi.

Bomba lisishikwe na sponji mahali pote. Ni bora lilale juu ya mihimili miwili iliyokatwa nusu duara, kila mmoja karibu na robo ya urefu kutoka mwisho, huku mihimili mingine miwili ikilikamata kutoka kwenye mfuniko. Sponji isisukume kifundo cha kurekebishia umbo la picha wala kishikio cha darubini ya kulengea.

Gundi ya mafundi viatu hushika vizuri, lakini mvuke wake haufai kukaa na lenzi. Sanduku liachwe wazi mahali penye hewa kwa siku mbili au tatu kabla ya kutumika, hadi harufu iishe kabisa.

Chumba cha chujio la Jua

Chujio la Jua lipewe chumba chake, ndani ya kikopo kigumu au boksi dogo lenye mfuniko, lisiloguswa na kitu kingine. Mengi ya machujio haya ni utando mwembamba uliopakwa madini, na ncha ya skrubu moja iliyolegea inatosha kuutoboa.

Kila baada ya safari, na kabla ya mtu yeyote kutazama, chujio huinuliwa mbele ya taa kali na kukaguliwa. Likionyesha nukta za mwanga, mikwaruzo au mikunjo iliyochanika, likatwe vipande na kutupwa. Halizibwi kwa gundi, na halihifadhiwi kwa matumaini kwamba litafaa siku nyingine.

Machujio madogo ya zamani yanayofungwa kwenye lenzi ya jichoni yasiwekwe kabisa ndani ya kasha. Joto lililokusanywa na darubini huyapasua ghafla wakati mtu anatazama. Chujio salama hukaa mbele ya bomba, upande wa Jua. Darubini ya kulengea nayo ivuliwe au ifunikwe.

Unyevu na baridi

Usiku wa Juni na Julai katika nyanda za juu, umande hutanda juu ya darubini kama juu ya majani. Kosa la kawaida ni kuifunga ikiwa bado imelowa. Iachwe ikauke yenyewe chumbani, ndipo irudishwe kwenye kasha.

Ikiwa kavu lakini baridi, mambo ni kinyume. Ifungwe kwanza ndani ya kasha huko nje, kisha kasha liingizwe chumbani na kuachwa kwa saa kadhaa bila kufunguliwa. Kwa njia hiyo mvuke wa chumba hautaganda juu ya kioo.

Vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya vinafaa kuwekwa kwenye kona za kasha, na vibadilishwe mara kwa mara. Mbarali ni nchi ya mpunga na mchele hauko mbali, lakini usitumike badala yake: unga wake huchafua lenzi na huita wadudu. Chumvi nayo hula chuma.

Njiani

Mahali salama pa kasha ni kiti cha nyuma cha gari, likiwa limefungwa mkanda. Katika basi, nauli ya kiti cha pili ni ndogo kuliko gharama ya kioo kipya. Ikilazimu kuliweka kwenye buti, mwenye mali ashuhudie linavyopangwa, liwe juu ya mizigo mingine, wala lisiwekwe kwenye keria.

Mshale wa kuonyesha upande wa juu na maneno makubwa yasemayo kuwa ndani mna kioo yaandikwe pande zote. Darubini ya kioo ikilazimika kusimama wima, upande wenye kioo kikubwa uwe juu, ili skrubu itakayochomoka isikiangukie. Kwa ndege, lenzi za jichoni, chujio na betri za lithiamu zibebwe mkononi.

Mfano wa kazi hii unaonekana nchini Kenya, ambako mradi wa The Travelling Telescope, ulioanzishwa mwaka 2014 na Susan Murabana na mumewe Chu Owen, umekuwa ukiwapelekea wanafunzi darubini ya inchi 12 kwa barabara. Kazi ya namna hiyo hudumu tu pale ambapo chombo hufika kikiwa kizima, shule baada ya shule.

Agosti 2, 2027, Jua litapatwa kabisa kuanzia Afrika Kaskazini hadi Somalia, na Tanzania itaona sehemu tu ikifunikwa. Mei 21, 2031, kupatwa kipete kutarudi na njia yake kupita tena katika ardhi ya Tanzania. Shule yenye darubini moja ina muda wa kutosha kumtafuta seremala. Kabla ya safari ya kwanza, sanduku lijazwe chupa za maji zenye uzito sawa na wa darubini, lipakiwe garini na kupitishwa kwenye barabara mbovu iliyo karibu. Kama chupa zitakuwa zimehama mahali pake, sponji ikatwe upya.