Gobore la Babu

Babu yangu alikuwa na gobore, ile bunduki ya kushindilia baruti na risasi kupitia mdomoni. Alilitumia dhidi ya nguruwe wavamiao mashamba. Siku moja humwangusha nguruwe, siku ya pili humkosa hatua ishirini tu. Babu hakuwa na shaka: jirani yetu, bibi kizee mjane, amelitia uchawi. Maneno yalienea, na kabla ya mavuno mama yule akahama kijiji.

Nimemkumbuka juma hili niliposoma habari za Joseph Whitworth, fundi mitambo wa Manchester, Uingereza. Mwaka 1854 serikali yake ilimtaka abuni mashine za kutengenezea bunduki za Enfield, nazo za kushindilia. Akajibu kwamba kwanza ijulikane kwa nini bunduki moja hulenga vizuri kuliko nyingine.

Akajenga banda la shabaha la yadi 500, kama meta 457. Ndani akatundika karatasi nyembamba. Kila risasi ilipopita iliacha tundu, naye akaifuata njia yake. Alibadili urefu wa risasi, umbo lake na upana wa mtutu, akipima kila badiliko.

Risasi ya Enfield ilikuwa na gramu 34, katika mtutu wa milimeta 14.7. Whitworth aliacha uzito ule ule, lakini akaifanya nyembamba na ndefu zaidi, yenye pembe sita, ikae barabara katika mtutu wa pembe sita wa milimeta 11.5 uliozungusha risasi kwa kasi. Katika majaribio ya serikali huko Hythe mwaka 1857, kwa yadi 500, risasi za Enfield zilikwenda kando kwa wastani wa sentimeta 68. Zake sentimeta 11. Hata hivyo jeshi halikuichukua: ilikuwa ghali, na mtutu mwembamba uliziba upesi kwa masizi.

Babu yangu je? Leo alishindilia goroli ya risasi, kesho vipande vya nondo, keshokutwa misumari. Baruti aliikisia kiganjani. Gobore gani lingelenga? Kosa lilikuwa mkononi mwake, hukumu akampelekea jirani.

Vikongwe wangapi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni? Ndugu zangu, kabla ya kumtaja mtu, tuchunguze kwanza tulichoshindilia wenyewe.

Tukutane juma lijalo.