Mkato, Sifuri na Jina: Kuhusu Historia ya Kuhamisha Data baina ya Programu, kutoka Cape Town hadi Masereka

Historia ya kompyuta katika Afrika huandikwa mara nyingi kama historia ya mashine: ilifika mwaka gani, ililetwa na nani, iliwekwa katika ofisi ipi. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanachunguza kile kinachotokea pale ambapo orodha iliyoandikwa katika programu moja inatakiwa kusomwa na programu nyingine. Mfano mkuu unatoka Kivu ya Kaskazini, katika zoni za afya za Beni, Butembo, Katwa, Kyondo na Masereka, ambako kati ya 2018 na 2020 kazi hiyo inayodhaniwa kuwa ya makarani iliambatana na uhai wa watu.

Ni vyema kuanza mbali kidogo. Mwaka 1985 ilitolewa nchini Marekani programu ya Epi Info, iliyokusudiwa wachunguzi wa magonjwa waliofanya kazi mbali na makao makuu. Ilienea haraka kwa sababu ilikuwa ya bure, iliingia katika disketi chache, na iliweza kupokea na kutoa majedwali ya dBase, programu ya hifadhidata iliyotawala miaka ile. Sifa hiyo ya mwisho haikuwa ndogo. Programu isiyoweza kutoa ilichokipokea ni kama ghala lenye mlango wa kuingilia tu. Mwaka 1992 kampuni ya Microsoft ilitoa Access, na mwaka huohuo ikatoa kanuni ya ODBC, iliyowezesha programu moja kusoma hifadhidata ya nyingine bila kunakili chochote.

Tangu hapo njia zikawa mbili, na tofauti yake inafaa kuelezwa kwa makini. Anayeingiza data hufanya nakala: jedwali huhamia kwenye makao mapya, na kinachobadilika kule lilikotoka hakijulikani tena huku. Anayeunganisha huliacha jedwali mahali pake na kulitazama kwa mbali. Kila badiliko huonekana, lakini faili ikihamishwa au jina lake likibadilishwa, kiungo hukatika. Nakala huzeeka bila kutoa ishara yoyote. Kiungo, kinapovunjika, angalau hulalamika.

Afrika Kusini baada ya 1994 ilirithi idara za afya zilizogawanywa kwa misingi ya ubaguzi wa rangi, kila moja na fomu zake. Huko Cape Town watafiti wa mradi wa HISP, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, walitengeneza DHIS juu ya Access, huku Excel ikitumika kuchambua takwimu. Data zilipanda kutoka wilaya hadi jimbo zikiwa faili zilizotolewa upande mmja na kuingizwa upande wa pili. Toleo jipya la DHIS2, lililotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, lilikuwa la mtandaoni. Kenya ililisambaza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania ikafuata, na katika muongo huohuo Kongo nayo ikalichukua kwa takwimu za zoni zake.

Kongo ilikuwa na ugumu wake wa pekee. Katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni za afya 306. Mgawanyo wa mwaka 2003 ulizifanya kuwa 515. Msimbo wa zoni ndio ufunguo wa kila jedwali, na zoni ikigawanywa, takwimu za kale haziwezi tena kuwekwa kando ya zile mpya bila mtu kuamua kipi ni cha nani. Uamuzi huo ni wa mwanahistoria zaidi kuliko wa mtaalamu wa mashine.

Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa Mangina, karibu na Beni. Baadaye ulishuka hadi Butembo na Katwa, na kupanda nyanda za juu za Lubero hadi Masereka. Orodha zilizaliwa nyingi kwa wakati mmoja: ya wagonjwa, ya majibu ya maabara, ya watu waliokutana na wagonjwa, ya waliochanjwa, ya waliozikwa. Kila orodha ilikuwa na wenyewe na fomu yake. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa na 2,287 kati yao wamefariki. Zaidi ya 300,000 walikuwa wamechanjwa na takriban 250,000 wameandikwa kama watu waliokutana na wagonjwa. Mtu mmoja angeweza kuwamo katika orodha tatu au nne. Kujua kwamba ni mtu mmoja, hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Vikwazo vya kwanza ni vidogo kiasi cha kuchekesha. Kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta-mkato, kwa kuwa mkato wenyewe hutumika katika desimali. Iliyowekwa kwa Kiingereza hutenganisha kwa mkato. Joto la mwili la 37,5 likipita kutoka ya kwanza hadi ya pili huweza kugeuka safu mbili, na kila kinachofuata husogea hatua moja. Namba ya simu ya Kongo huanza na sifuri. Lahajedwali huiona kuwa tarakimu ya kawaida na kuifuta sifuri hiyo. Jina Célestin likisomwa kwa usimbaji usio wake hutokea kama CÃ©lestin, na programu huhesabu watu wawili.

Tarehe ni jambo zito zaidi. 03/04/2019 ni tarehe tatu Aprili kwa Mkongo na tarehe nne Machi kwa kompyuta ya Kimarekani. Siku zinazozidi kumi na mbili hukataliwa, hivyo kosa huonekana. Zilizo chini yake hukubaliwa, zikiwa na makosa. Aliyekutana na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21. Tarehe ikirudi nyuma mwezi mmoja, mtu huyo huonekana amemaliza muda wake kabla hata hajatembelewa mara ya kwanza.

Lakini kwa msomaji wa jarida la lugha, fundo liko kwenye majina. Wanande huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: Paluku huwa mwana wa kwanza wa kiume, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne; mabinti nao wana mfululizo wao, anayeanza akiwa Masika. Jina hilo humweka mtu ndani ya nyumba yake, wala halikukusudiwa kumtenganisha na jirani. Katika kijiji kimoja akina Kambale ni wengi kama nyumba zenyewe. Juu ya hayo, tahajia huyumba: Kyondo na Kiondo, Kavugho na Kavuho, kwa kuwa konsonanti za Kinande huandikwa na kila karani kwa jinsi alivyozoea Kifaransa au Kiswahili. Programu iliyobuniwa kwa imani kwamba jina la ukoo na la ubatizo vinatosha kumtambulisha mtu ilibeba desturi ya Ulaya na kuiita kanuni.

Suluhisho la kawaida ni kumpa kila mtu namba. Programu ya Go.Data, iliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake na kutumiwa katika mlipuko huo, iliwaunganisha mgonjwa na waliokutana naye ndani ya hifadhidata moja. Hata hivyo namba hufaa iwapo anayeuliza anaaminiwa. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Katika mazingira hayo mtu aliyekimbia kijiji na kujiandikisha kwingine kwa jina lingine la kweli, kwani Mnande huwa nayo kadhaa, hakuwa na haja ya kudanganya ili apotee.

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena, safari hii katika zoni ya Biena. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mke wa mtu aliyepona ugonjwa huo katika mlipuko uliotangulia, na uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba virusi vilitokana na vile vya 2018–2020. Mlipuko huo uliisha Mei mwaka huohuo baada ya watu 12 kuugua. Kwa wahudumu wa Butembo, Katwa na Musienene maana yake ilikuwa kwamba orodha za waliopona, zilizodhaniwa kuwa za makumbusho, zilihitaji kufunguliwa upya na kusomwa kando ya orodha mpya, safu kwa safu, Kambale kwa Kambale.