Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu

DIWALI ni sikukuu ya taa ya Wahindu, iadhimishwayo Oktoba au Novemba, usiku usio na mbalamwezi. Taa za udongo zenye samli au mafuta huwashwa kukumbuka kurejea kwa Rama mjini Ayodhya baada ya kukaa uhamishoni miaka 14, na kumkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema.

Wafanyabiashara wa Kigujarati, jamii iliyofungua maduka Murang'a na Nyeri enzi za ukoloni, huviombea baraka vitabu vipya vya hesabu. Sheria ya Kenya huwapa mapumziko Wahindu pekee. Hivyo, mkazi wa Kangema akikuta duka mjini limefungwa siku ya kazi, asidhani limefilisika. Huenda mwenyewe anaufungua mwaka mpya.