Berea, Chuo Kisichotoza Ada

Fagio la Berea si la chelewa. Ni la mtama, wa ile aina ndefu ambayo masuke yake yakikauka huwa magumu lakini hayakatiki upesi. Mwanafunzi hutoka darasani, akavuka uwanja hadi karakana, akayafunga masuke hayo kwenye mpini kwa uzi, mkazo baada ya mkazo, kisha jioni akarudi maktaba. Kazi hiyo imekuwapo chuoni tangu 1920. Anayeishika leo anaweza kuwa msomi wa kemia au wa historia, kwa maana Berea, chuo kidogo cha sanaa na sayansi huko Kentucky, Marekani, kina sharti ambalo halimwachi mtu: kila mwanafunzi afanye kazi angalau saa 10 kwa wiki.

Kilianza mwaka 1855, shule ya chumba kimoja ambayo Jumapili iligeuka kanisa. Mwanzilishi wake, mchungaji John G. Fee, alizaliwa katika nyumba iliyomiliki watumwa, na baba yake alimkana kwa sababu ya kuupinga utumwa. Jina la Berea alilitoa katika Matendo ya Mitume, na humo humo akachota kaulimbiu inayotumika hadi leo, kwamba watu wote wa dunia ni wa damu moja. Katika jimbo la watumwa, maneno hayo yalikuwa ya hatari. Desemba 1859, miezi miwili baada ya John Brown, mpinga utumwa, kuvamia ghala la silaha la Harpers Ferry, wanaume wenye bunduki waliwapa walimu siku 10 wawe wameondoka.

Waliondoka, lakini baadaye wakarudi. Mwaka 1866 chuo kilikuwa na wanafunzi 187: weusi 96 na weupe 91. Tuzitazame takwimu hizo taratibu, maana vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu kabla. Mtoto wa aliyekuwa mtumwa alikaa benchi moja na mtoto wa mkulima wa mlimani, wakasoma kitabu kimoja, na hali hiyo ikadumu karibu miaka 40. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo Berea imepata kuyafanya.

Mwaka 1904 bunge la Kentucky likapitisha sheria ya kutenganisha wanafunzi kwa rangi, na chuo kitakachokaidi kitozwe faini ya dola 1,000. Berea ilipigana hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ikashindwa mwaka 1908. Jaji John Marshall Harlan, mzaliwa wa Kentucky, aliupinga uamuzi wa wenzake. Mkuu wa chuo, William Goodell Frost, aliisimamia kesi hiyo kwa moyo na kuchangisha fedha za Taasisi ya Lincoln, iliyofunguliwa mwaka 1912 kwa ajili ya vijana weusi. Lakini haki ni kusema pia kwamba kabla ya sheria kuja, Frost alipokuwa akiwavuta vijana weupe wa milima ya Appalachia, sehemu ya wanafunzi weusi ilikuwa imekwisha kupungua. Carter G. Woodson, mwana wa wazazi waliozaliwa utumwani, aliwahi kuhitimu Berea mwaka 1903, mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo. Mwaka 1926 ndiye aliyeanzisha wiki ya historia ya watu weusi, ambayo sasa ni mwezi mzima.

Ada, kwa upande wake, ilikuwa imefutwa tangu mwaka 1892. Msomaji atauliza fedha zatoka wapi, na jibu ni uamuzi wa bodi ya wadhamini wa mwaka 1920: urithi wowote ambao chuo kimeachiwa bila masharti uwekwe katika mfuko wa kudumu, usiliwe. Faida ya mfuko huo, pamoja na michango, ndiyo inayomsomesha kijana ambaye kwao hawana kitu.

Kazi za wanafunzi nazo zimetapakaa kila mahali. Wako wanaofuma, wanaoranda mbao, wanaolisha mifugo shambani, wanaopanga vitabu na wanaowasaidia walimu. Katika hoteli ya Boone Tavern, iliyofunguliwa mwaka 1909, wageni huhudumiwa na wanafunzi, na mezani huletewa mkate laini wa unga wa mahindi unaochotwa kwa kijiko. Msimamizi humpima mwanafunzi kwa kazi yake kama mwalimu anavyompima kwa somo lake, na rekodi hiyo ya kazi huhifadhiwa.

Iko siku moja ya Oktoba ambayo madarasa hufungwa. Ni Siku ya Mlima, desturi ya tangu miaka ya 1870. Wengine huamka gizani, wakashika njia ya msituni hadi kwenye miamba ya Pinnacles, wakae juu wakilisubiri jua. Miti wakati huo imegeuka rangi ya kutu na dhahabu. Kuanzia 1904 wanafunzi waliopanda mlima huo walikuwa weupe peke yao. Mwaka 1950 sheria ililegezwa, Berea ikawafungulia weusi mlango mwaka uleule, na njia ya mlimani ikawa tena ya wote.