KICC: Jumba la Chama Lililogeuka Ukumbi wa Dunia

Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, ambalo wakazi wa Nairobi hulitaja kwa herufi nne tu, KICC, halikubuniwa kuwa la mikutano ya kimataifa. Katikati ya miaka ya 1960 chama tawala cha KANU kilitaka makao makuu yake jijini. Kazi ya kuchora ramani ilifanywa katika Wizara ya Ujenzi na wasanifu wawili: Karl Henrik Nøstvik, raia wa Norway aliyekuja Kenya kama mtaalamu wa misaada, na David Mutiso, Mwafrika wa kwanza nchini kufuzu usanifu majengo na baadaye Msanifu Mkuu wa Serikali.

Ujenzi ulianza mwaka 1967. Ramani nayo haikutulia, kwani mahitaji yalizidi kukua. Ilipojulikana kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wangefanyia mkutano wao wa mwaka 1973 Nairobi, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, ilibidi upatikane ukumbi wa kuwatosha wajumbe wa dunia nzima. Hivyo ofisi za chama zikazaa jumba kubwa la mikutano. Rais Jomo Kenyatta alilifungua Septemba 1973, na mwezi huohuo wageni wakaingia. Humo ndimo Robert McNamara, Rais wa Benki ya Dunia, alimotoa hotuba mashuhuri kuhusu umaskini wa kutupwa na hali ya wakulima wadogo.

Anayesimama uani, penye sanamu ya Kenyatta aliyeketi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Butler, huona maumbo mawili yanayojibizana. Upande mmoja kuna mnara wa mviringo wenye ghorofa 28 na urefu wa takriban mita 105, uliovikwa kileleni kitu kama kofia pana. Ndani ya kofia hiyo palikuwa na mgahawa uliozunguka polepole, na juu yake pana uwanja wa helikopta. Upande wa pili kuna ukumbi wa duara wenye paa lililochongoka. Wengine huliona paa hilo kama ua la yungiyungi lililojifumba. Macho yaliyozoea vijiji vya Afrika Mashariki, hata hivyo, hutambua mara moja nyumba ya msonge.

Zege ndilo lililotawala kila mahali, likiwa na rangi inayokaribia ya udongo wa kufinyangia vyungu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Madirisha yamerudishwa ndani, nyuma ya kingo za zege, hivyo jua kali la mchana halipigi vioo moja kwa moja. Maghorofa mengi yaliyofuata jijini yalivalishwa vioo kutoka chini hadi juu kana kwamba yamejengwa nchi za baridi, na hayajapata haiba ya KICC.

Matumizi yake yalipanuka upesi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilianzia kazi zake humo mwaka 1973 kabla ya kuhamia mtaa wa Gigiri. Mwaka 1976 ulifanyika humo mkutano wa nne wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, na Desemba 2015 mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani wakakutana papo hapo. Jumba hilo limeshuhudia pia siku nzito: matokeo ya uchaguzi wa urais wa 2007 yalijumlishwa na kutangazwa humo, na nchi ikatumbukia katika machafuko.

Kuhusu urefu, Times Tower imekwisha kulipita, na baadaye majengo mengine. Kuhusu umiliki, KANU ililishikilia hadi iliposhindwa katika uchaguzi wa 2002. Mwaka uliofuata Serikali ya Mwai Kibaki ililitwaa, likawa mali ya umma, na hiyo ilikuwa haki, kwa kuwa jina na sifa zake zilikuwa za taifa zima tangu mwanzo.

Noti mpya za Kenya zilipotolewa mwaka 2019 bila picha za marais, zote tano, kuanzia ya shilingi 50 hadi ya 1,000, zilichapwa mchoro wa jumba hilo upande wa mbele: mnara, msonge na sanamu uani.