Kofia za Sufu Katika Bonde la Joto

Mgeni anayeshuka Kidatu mwezi wa Januari, shati likimganda mgongoni, hawezi kuelewa kwa nini bibi kizee ameketi barazani akifuma kofia ya sufu. Mimi mwenyewe niliwahi kucheka. Bibi huyo ni mama yangu, na jibu alilonipa lilinifanya niitazame upya historia ya mahali petu.

Watu wa bonde la Kilombero ni wasusi wa tangu zamani. Mikeka na vikapu vyao vinajulikana. Sindano mbili ndefu na bonge la sufu, hata hivyo, ni mambo yaliyoletwa. Wakapuchini na masista wa Baldegg kutoka Uswisi walifika Tanganyika mwaka 1921, na katika shule za misheni wasichana walifundishwa kazi za sindano. Kisha Kidatu ikawa mji wa vibarua. Kiwanda cha sukari kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli ikafika kutoka Kilosa, TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975, na bwawa la umeme likafuata. Wenyeji wa Njombe na Iringa, kwenye baridi, walishuka kutafuta kazi, na wake zao wakaja na ujuzi wa kufuma sweta. Jirani mmoja wa huko ndiye aliyemfundisha mama.

Alifuma ili auze. Fedha yake ilitununulia madaftari. Lakini mwaka 1977 alijifungua mtoto wa kiume mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto alifungwa khanga, akalazwa peke yake kitandani, akaishi siku tatu. Watu wakasema ni kudra. Hakuna aliyesema kwamba ni baridi, maana nani angeitaja baridi katika bonde hili?

Leo tunajua zaidi. Mtoto njiti ana ngozi nyembamba na mafuta machache mwilini, na kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, hivyo joto humtoka upesi hata pale sisi tunapotoka jasho. Mwaka 1978, mwaka mmoja tu baada ya msiba wetu, daktari Edgar Rey wa Bogotá, huko Kolombia, alianza kuwaweka watoto wa namna hiyo vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ilipewa jina la kangaruu. Mtoto huvaa nepi, soksi na kofia, basi. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ulionyesha kwamba njia hiyo ikianza mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja mtoto atengemae, vifo hupungua kwa robo hivi.

Nilipomsomea mama habari hizo, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kifua changu kingetosha?" Sikuwa na la kumjibu, wala sikuthubutu kumdanganya. Huenda kingetosha, huenda kisingetosha.

Tangu siku ile hauzi tena. Hufuma kofia ndogo, hata chungwa haliingii, na zikifika kumi huzipeleka wodi ya wazazi. Haulizi zitavaliwa na nani. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Mimi naongeza kwamba wakati mwingine kutoa ni kulipa deni ambalo mdai wake hayupo.

Tusidanganyane: kofia si dawa. Kinachookoa ni kifua cha mama, maziwa yake, na muuguzi anayejua afanyalo. Lakini mama kijana anayekabidhiwa kofia hiyo huambiwa pia mtoto akae wapi. Neno hilo ndilo mama yangu hakuambiwa mwaka 1977.