Kamba ya Kengele: Kanisa na Maoni Yake Juu ya Radi

Katika sharika zetu kila mtu ana maoni. Baada ya ibada, pale nje tunaposalimiana, na katika jumuiya zetu za nyumbani, tunajadili chanjo, simu za watoto, sheria mpya, kodi, dawa za hospitali na za kienyeji. Hilo si jambo baya. Mungu ametupa akili, na Mkristo ni raia kama wengine. Lakini historia ya Kanisa inatufundisha kwamba maoni ya watu wa Mungu yakishatoka mdomoni hayaishii hewani. Huingia katika desturi, katika bajeti na katika sheria, na mwisho humfikia mtu fulani mwenye mwili na damu. Katika makala hii tutaangalia jambo moja tu ambalo waliotutangulia katika imani walilijadili kwa karne nyingi: radi, na nini cha kufanya inapokuja.

Radi na kengele

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuikumbuka radi. Tarehe 2 Julai 1505, Martin Luther, kijana wa miaka 21 aliyekuwa ameanza kusomea sheria, alikuwa akirudi Erfurt kutoka kwa wazazi wake. Karibu na kijiji cha Stotternheim radi ilipiga jirani naye. Kwa hofu alimwita Mtakatifu Anna na kuahidi kuwa mtawa. Majuma mawili baadaye aliingia katika monasteri ya Waagustino mjini Erfurt. Kwa kijana yule radi ilikuwa mjumbe wa hukumu ya Mungu, na watu wengi wa wakati wake wangekubaliana naye.

Biblia yenyewe inanena juu ya radi kwa heshima kubwa. Zaburi ya 29 inaisikia sauti ya Bwana katika ngurumo, na katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, Mungu anamwuliza Ayubu kama yeye ndiye anayezituma radi ziende. Kwa hiyo hatubishani kuhusu nani aliye Bwana wa radi. Swali lililowasumbua watu wa kale ni lingine: ikiwa radi iko mikononi mwa Mungu, je, mwanadamu afanye nini wingu jeusi linapotanda?

Jibu la makanisa mengi ya Ulaya lilikuwa kupiga kengele. Kengele ya kanisa ilibarikiwa na kupakwa mafuta, na tufani ilipokaribia, mpiga kengele alikwenda mnarani kuvuta kamba. Wengine waliamini kwamba sauti ile takatifu inawafukuza pepo wabaya wa angani. Wengine, wenye elimu ya wakati ule, walisema kwamba mshindo wa kengele unayapasua mawingu. Hivyo sababu moja ilitoka katika dini na nyingine katika elimu, na zote mbili zilimpeleka mtu yuleyule mahali pamoja.

Tufikiri kidogo juu ya mahali hapo. Mnara wa kanisa ndio uliokuwa mrefu kuliko kitu chochote kijijini. Juu yake kuna msalaba wa chuma, chini yake kengele ya shaba, na kwenye kengele imefungwa kamba iliyolowa mvua. Mwisho wa kamba yupo mtu, ameishika kwa mikono miwili. Huwezi kupata mahali pabaya zaidi pa kusimama wakati wa radi.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1718, tufani ilipita katika jimbo la Bretagne, Ufaransa, na radi zikapiga makanisa 24. Taarifa iliyopelekwa kwa wanasayansi wa Paris ilieleza kwamba yaliyopigwa ni yale yaliyokuwa yakipiga kengele. Kitabu kilichochapishwa München mwaka 1784 kilifanya hesabu ya miaka 33: minara 386 ya makanisa ilikuwa imepigwa na radi, na wapiga kengele 103 walikuwa wamekufa. Hatujui majina yao. Walikuwa wahudumu wa kanisa waliotii walichoagizwa, kwa ujira mdogo, wakati wenye maoni juu ya kengele wamekaa nyumbani wamefunga madirisha.

Chuma kinachoshuka ardhini

Mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Philadelphia alikuwa amekwisha pendekeza kwamba radi ni umeme, na mwezi Mei mwaka huo jaribio lililofuata maelezo yake lilifanyika Marly, karibu na Paris, likathibitisha hivyo. Kutokana na elimu hiyo akashauri jambo rahisi: chuma chenye ncha kisimamishwe juu ya jengo, kiunganishwe na waya au ufito wa chuma unaoshuka mpaka ndani ya ardhi yenye unyevu. Ndicho kifaa ambacho sisi tunakiita mtego wa radi. Mtego hauizuii radi isishuke, bali unaipa njia ya kupita, ili isipite katika mbao, kuta na miili ya watu.

Tungetegemea makanisa yashangilie, maana ndiyo yaliyokuwa yakipigwa zaidi. Wako waliofurahi, lakini wengi walisita. Novemba 1755 tetemeko la ardhi liliutikisa mji wa Boston. Mchungaji Thomas Prince, mtu msomi na mcha Mungu, alichapisha hoja kwamba vyuma vile vinavuta umeme kutoka angani na kuujaza ardhini, na kwamba Boston, yenye vyuma vingi kuliko miji mingine, ndiyo iliyotikiswa zaidi. Profesa John Winthrop wa Harvard alimjibu hadharani, akionyesha kwamba matetemeko hayatokani na vyuma vya juu ya nyumba. Wengine walisema kwamba kuweka chuma ni kuushika mkono wa Mungu asiadhibu. Hoja ya Franklin kwao ilikuwa fupi: mvua na jua kali navyo vinatoka juu, lakini hakuna anayeona dhambi kuezeka nyumba.

Tusiwacheke watu wale haraka. Pale Saint-Omer, Ufaransa, bwana mmoja aitwaye de Vissery aliweka mtego wa radi juu ya nyumba yake mwaka 1780. Majirani waliogopa kwamba chuma kile kitaivuta radi mpaka kwao, wakalalamika, na wakuu wa mji wakaamuru kiondolewe. Kesi ilikwenda mpaka mahakama ya Arras. Mwaka 1783 wakili kijana, Maximilien Robespierre, ambaye baadaye jina lake lilivuma katika Mapinduzi ya Ufaransa, alimtetea mwenye nyumba na akashinda. Majirani hawakuwa wajinga kwa kuuliza. Mtego uliowekwa vibaya, au uliokatika kabla ya kufika ardhini, kweli ni hatari. Kuuliza ni haki ya kila mtu. Kosa ni kuuliza kisha kukataa kusikiliza anayejua.

Ilichukua muda mrefu desturi kubadilika. Mnara mkuu wa San Marco, Venice, uliokuwa umepigwa na radi mara nyingi, uliwekewa mtego mwaka 1776. Kabla ya hapo, mwaka 1769, kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Yakobo, Hamburg, liliwekewa mtego wake, likawa miongoni mwa majengo ya kwanza kabisa ya Ujerumani kufanya hivyo, kwa juhudi za daktari Johann Reimarus. Kwingine kengele ziliendelea kulia katika tufani, na mwaka 1786 ndipo mahakama kuu ya Paris ilipoikataza desturi hiyo. Kutoka jaribio la Marly hadi katazo hilo ilipita miaka 34.

Luther wa mwaka 1527

Hapa tunamrudia Luther, kwa kuwa kijana wa Stotternheim hakubaki na hofu ileile. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamia Jena, lakini Luther alibaki kuwahudumia wagonjwa, pamoja na Mchungaji Johannes Bugenhagen. Wakati huo aliandika barua kwa Mchungaji Johann Hess wa Breslau, aliyeuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Luther alifundisha kwamba anayedharau dawa na tahadhari, akidai kwamba Mungu atamlinda, hamtumaini Mungu bali anamjaribu. Tena mtu wa namna hiyo anaweza kuwaambukiza wengine, na atadaiwa uhai wao.

Fundisho hilo lina mizizi katika Maandiko. Katika Mathayo sura ya 4, Ibilisi alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe chini kwa kutegemea malaika. Bwana wetu alikataa kumjaribu Mungu. Na katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba anayejenga nyumba mpya aizungushie ukuta mdogo darini, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Hii ni sheria ya ujenzi ndani ya Torati. Mungu hakumwambia mwenye nyumba aombe tu watu wasianguke. Alimwambia ajenge.

Radi ya kwetu

Historia hii isingetuhusu sana kama tungeishi mahali ambapo radi ni chache. Lakini ukanda wa Ziwa Victoria na mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi Runyanya, Uganda, wakiwa darasani. Machi 2018 iliua zaidi ya waumini 10 kanisani katika wilaya ya Nyaruguru, Rwanda. Novemba 2024 iliua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa maombi katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, Uganda.

Baada ya misiba ya namna hii maoni hayakosekani. Wako wanaomtafuta mchawi aliyeituma radi, na bibi kizee asiye na mtetezi anaanza kutazamwa vibaya. Wako wanaosema marehemu walikuwa na dhambi iliyofichika. Kwa hao Bwana Yesu amekwisha jibu katika Luka sura ya 13. Alitaja watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu, nao walikuwa 18, hesabu ileile ya watoto wa Runyanya, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Na wako wanaosema ni mapenzi ya Mungu, wakaishia hapo, kisha jengo linakarabatiwa bila mtego, kama lilivyokuwa.

Sharika zetu zinajenga kwa bidii na kwa sadaka za watu maskini. Bajeti ya ujenzi inataja saruji, nondo, bati, vigae, vipaza sauti na mnara. Ni vema wazee wa kanisa waulize pia: mtego wa radi uko wapi? Bati peke yake halitoshi, kwa sababu umeme ukishalifikia utatafuta njia nyingine ya kushuka. Kazi ifanywe na fundi mwenye ujuzi, waya ushuke mpaka ardhini, na ukaguliwe kila baada ya muda. Tuulize vivyo hivyo kwa shule zetu za awali na vituo vyetu vya watoto. Mpaka mtego uwepo, tusiwaache watoto chini ya mti au uwanjani wakati ngurumo zinasikika.

Luther katika Katekisimo Ndogo aliielewa Amri ya Tano kwa upana: haitoshi kutomwua jirani, inatupasa kumsaidia katika mahitaji ya mwili wake. Kwa kipimo hicho tunaweza kuyapima maoni yetu yote, yawe juu ya radi, chanjo, sheria ya barabarani au kifaa kipya kilichoingia sokoni. Kabla hatujasema kwa jina la Mungu kwamba jambo fulani lafaa au halifai, tumwulize anayelijua, halafu tujiulize nani ataumia tukiwa tumekosea. Mara nyingi haumii msemaji. Huumia aliyeambiwa akashike kamba.

Mungu, Bwana wa ngurumo na wa utulivu, atupe imani isiyomjaribu, na akili inayomlinda jirani. Amina.